Kitabu Kizuri cha Mwalimu Asheri

Hadithi hii niliipokea kutoka kwa mtu ambaye hana tabia ya kutumatuma vitu ovyo. Juu yake aliandika tu, "Soma taratibu," nami nakuomba ufanye hivyohivyo.

Katika mji wa Njombe, ambako asubuhi nyingine ukungu huwa mzito hata wenye maduka wanawasha taa ili waone bidhaa zao, palikuwa na nyumba ndogo ya kuchapisha vitabu. Humo alifanya kazi mama mmoja aitwaye Oresta Mlowe. Kazi yake ilikuwa kusanifu vitabu: kuchagua herufi, kupanga kurasa, kuamua mistari ikae vipi na pembeni pabaki nafasi kiasi gani. Wote pale walimwita Bi Oresta. Alikuwa mtu wa maneno machache, na vitabu alivyovipanga vilikuwa vya kawaida mno machoni, hata mtu asingefikiri kwamba kuna aliyevipanga.

Kijana mmoja, Aidani Mbilinyi, aliletwa kwake ajifunze kazi hiyo. Alikuwa na mkono mwepesi. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na fulana za timu za mpira, na kila alichokigusa kilipendeza. Moyoni alikuja na imani kwamba kitabu ni bango lenye kurasa nyingi.

Siku za mwanzo Bi Oresta hakumpa kompyuta. Alimpa vitabu.

"Nivitazame?" Aidani aliuliza.

"Uvisome. Kisha uniambie ni wapi ulichoka."

Jioni Aidani alirudi akasema hakuchoka popote. Bi Oresta akamwambia, "Basi kesho soma tena."

Masomo yakaenda hivyo. Bi Oresta alimwonyesha kwamba mstari ukizidi urefu, jicho likifika mwisho wake hushindwa kurudi panapostahili. Litarudia mstari uleule, au litaruka mmoja. Alimwonyesha kwamba mistari ikibanana, maneno ya juu na ya chini hugombania jicho la msomaji. Alichukua kitabu kilichofunguliwa, akaweka kidole gumba kwenye ile sehemu nyeupe ya pembeni.

"Kitabu kinashikwa," alisema. "Hapa ndipo kidole kinapokaa. Ukijaza maneno hapa, msomaji atayafunika kwa mkono wake mwenyewe."

Kuhusu herufi alimwambia hivi: "Zipo herufi za kuita watu na zipo herufi za kuongea nao. Za bango zinaita, na ni kazi yake. Za kitabu zinaongea. Hakuna mtu anayevumilia kuitwa kutwa nzima."

Aidani aliitikia kwa kichwa. Lakini ndani yake aliona haya ni mambo ya watu wa zamani, walioogopa uzuri. Aliona vitabu vya Bi Oresta vikikaa dukani kimya, hakuna anayevishangaa. Yeye alitaka mtu akipita mbele ya kitabu chake asimame.

Basi ukaja mswada wa Mwalimu Asheri Sanga.

Mwalimu Asheri alifundisha shule ya msingi huko Makete, kwenye baridi ya milimani, miaka yake yote ya kazi. Alifariki kwa ugonjwa wa ini akiwa bado hajazeeka. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha mama yake, Bibi Atuganile, ambaye watu wote walimwita Mama Asheri, na aliacha mswada wa kitabu alichokuwa akikiandika wakati wa likizo. Humo alieleza maisha ya kwao: mavuno ya ngano, safari za kupeleka pareto sokoni, mazishi, ugomvi wa mipaka, vichekesho vya watoto darasani. Sehemu kubwa ilimhusu mama yake.

Mama Asheri mwenyewe ndiye aliyeuleta mswada ule Njombe, ameufunga kifuani kwa khanga kama anavyofungwa mtoto mchanga. Aliuweka mezani, akasema, "Hii ni sauti ya mwanangu. Naomba mnitunzie."

Kitabu kilitakiwa kitoke kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake. Bi Oresta ndiye aliyepaswa kukisanifu. Lakini dada yake aliugua sana Dodoma, naye hakuwa na mtu mwingine wa kumuuguza. Siku ya kuondoka alimwita Aidani.

"Hiki nakuachia wewe," alimwambia. "Ila kabla hujagusa herufi hata moja, nenda Makete. Ukakae na yule mama. Mwombe akusomee chochote, umwone anavyosoma."

"Nimekuelewa, Bi Oresta."

"Hujanielewa, Aidani. Nenda tu."

Hakwenda. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya kupanda Makete ilikuwa matope, na tarehe ya uzinduzi ilikuwa inakaribia. Hizo ndizo sababu alizojipa. Ukweli ni kwamba kitabu alikuwa tayari amekiona akilini mwake, kizima, na hakutaka mtu amvurugie.

Alifanya kazi kwa moyo. Jambo hili lisemwe, kwa maana hakuwa mvivu wala hakudharau msiba wa mtu. Alichagua herufi nyembamba zinazolala kidogo, kama mwandiko wa mtu mwenye elimu. Akazifanya ndogo, ili ukurasa uonekane mtulivu. Akapiga picha za milima ya Makete na kuziweka nyuma ya maneno, zikififia kama ukungu, na maneno yenyewe akayapa rangi ya majivu ili yaendane nazo. Mwanzo wa kila sura aliweka herufi moja kubwa iliyozungukwa na maua ya pareto, ua kwa ua, akichora kwa mkono wake. Mistari aliiacha itembee kutoka ukingo mmoja wa ukurasa hadi mwingine, kwa sababu mistari mifupi aliiona kama ya kitabu cha watoto.

Kilipotoka kiwanda cha kuchapa, hata mkurugenzi wa nyumba ile alikigeuzageuza mikononi. "Aidani," alisema hatimaye, "sijawahi kuona kitu kama hiki hapa kwetu."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Watu walikishika kile kitabu kama wanavyoshika kitambaa cha thamani, wakakipapasa, wakakipiga picha. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa katika kamati ya maonyesho makubwa ya vitabu, aliomba nakala akasema lazima iwekwe kwenye meza ya vitabu vilivyosanifiwa vizuri kuliko vyote mwaka huo. Aidani alisikia masikio yakipata moto kwa furaha.

Nakala ya kwanza alikabidhiwa Mama Asheri. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama picha ya mwanawe kwenye jalada, akaipitisha kiganja taratibu, akaikumbatia. Kisha akalia bila sauti, mabega yakitikisika, na ukumbi mzima ukalia naye. Alipotulia alimsogelea Aidani, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye sugu.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Umempa Asheri nguo nzuri."

Maneno hayo Aidani aliyabeba kama zawadi. Kila alipokumbuka alitabasamu peke yake.

Miezi ikapita. Dada yake Bi Oresta akapata nafuu, naye Bi Oresta akarudi Njombe, amekonda. Alipoingia ofisini Aidani alimwekea kitabu mezani kabla hata hajavua koti.

Bi Oresta alikifungua. Akakisogeza karibu na dirisha. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akasoma mahali, midomo ikicheza. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka Aidani akaanza kupata wasiwasi.

"Maua umeyachora vizuri," alisema. Kisha akauliza, "Yule mama amesema nini?"

"Alilia, Bi Oresta. Watu wote walimwona. Alinibariki."

"Hiyo ni siku alipokipokea. Nakuuliza alisema nini baada ya kukisoma."

Aidani akaanza kueleza watu walivyokipiga picha, akaacha.

"Ulikwenda Makete nilipokuambia?"

"Sikwenda."

Bi Oresta hakumkaripia. Alikifunga kitabu, akakirudisha mikononi mwa Aidani. "Mkurugenzi ananiambia wanataka kuchapa nakala nyingine, kwa sababu zile chache za kwanza zimekwisha. Kabla hawajachapa, nenda sasa. Mwulize mama swali hilo mwenyewe. Ukirudi na jibu zuri, mimi nitakuwa mwanafunzi wako."

Kesho yake Aidani alipanda basi la asubuhi. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kuchukua ushindi.

Nyumba ya Mama Asheri ilikuwa juu kidogo ya barabara, imezungukwa na bustani ya viazi. Alimkuta ameketi mlangoni juani, ungo wa ulezi mapajani, anachambua kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ni wewe fundi wa kitabu? Karibu, pita ndani, upepo wa huku utakuua."

Alimpa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Walizungumza habari za njia, za mvua, za Bi Oresta na ugonjwa wa dada yake. Aidani alisubiri mama ataje kitabu. Hakukitaja. Mwishowe akauliza mwenyewe.

"Mama, kile kitabu umekionaje?"

"Kizuri sana," alijibu haraka. "Kizuri kweli. Kila anayefika hapa namwonyesha."

"Umekisoma chote?"

"Chote, mwanangu. Chote."

Aliinuka, akanawa mikono, akaikausha vizuri kwa kitambaa. Akafungua sanduku la bati lililokuwa kando ya kitanda, akatoa kifurushi cha khanga, akakifungua pole pole. Kitabu kilikuwa kipya kama siku kilipotoka kiwandani. Hakikuwa na doa la moshi wala alama ya kidole.

Aidani alikichukua akakifungua katikati. Kurasa mbili hazikutengana. Kisu cha kiwandani hakikuzifikia vizuri, zikabaki zimeshikana kwa juu. Alijaribu mahali pengine, akakuta nyingine zimeshikana vilevile. Hakuna mtu aliyewahi kupita pale.

Aliinua macho. Mama alikuwa anamtazama. Alijua kwamba kijana ameona.

Nje kuku alikuwa akiparua majani makavu. Mama aliketi kwenye kigoda chake, akaishika mikono yake pamoja.

"Nikikwambia, hutanicheka?"

"Siwezi kukucheka, mama."

"Mimi sikusoma shule. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha ni Asheri. Alikuwa mtoto wa darasa la nne. Akitoka shule ananikuta jikoni, anachukua mkaa, anaandika juu ya jiwe. Ananiambia, mama, sema 'ma'. Nasema. Anafuta, anaandika tena. Nilichelewa kushika, lakini hakuwahi kunichoka. Nikajua. Si kwa kasi kama ninyi, lakini nilijua kweli. Kanisani nilichaguliwa kuwasomea akina mama wenzangu."

Alikionyesha kwa kidole kile kitabu.

"Siku ile niliporudi na hiki kitabu, nilikaa hapa hapa mlangoni nikakifungua. Sikuona maneno, mwanangu. Niliona kama sisimizi wanapita kwenye moshi. Nikajisemea ni uchovu wa safari. Nikajaribu kesho yake, nje, jua likiwa kali. Naushika mstari kwa kidole, nikifika mwisho unanitoroka. Narudi mwanzo najikuta nasoma kilekile. Au nadaka maneno ya mbele yasiyo na habari na ya nyuma. Nimejaribu siku nyingi. Ndipo nikaelewa."

"Ukaelewa nini, mama?"

"Kwamba kusoma hakukuwa kwangu. Kulikuwa kwa Asheri. Alinipa tukiwa pamoja, na alipoondoka ameondoka nako."

Aidani alitaka sana kuwe na sababu nyingine.

"Labda ni macho, mama. Pengine unahitaji miwani."

"Macho yangu mazima. Huo ulezi nachambua mwenyewe, na kokoto hainipiti."

"Na kanisani? Si bado unawasomea?"

"Nimewaambia wamchague mwingine. Biblia yangu ile pale juu, na kitabu cha nyimbo. Sijavigusa tangu wakati huo. Naogopa, mwanangu. Naogopa nikivifungua nitakuta navyo vimenifungia."

Aidani aliweka kikombe chini. Alikuwa amepiga magoti kabla hajajua kwamba anapiga magoti.

"Mama, kosa si lako. Ni langu."

"Kosa lako lipi?" Mama alishangaa kweli. "Wewe ulitengeneza kitabu kizuri. Wakubwa wote walisema. Mimi ndiye nisiyejua."

Aidani aliinuka, akaenda kwenye rafu, akachukua kitabu cha nyimbo. Kilikuwa kikuukuu, jalada limeshonwa kwa uzi, kurasa zimekuwa za rangi ya chai. Akakiweka magotini pa mama. Mama akakirudisha nyuma kwa viganja.

"Usinilazimishe."

"Mstari mmoja tu. Ukishindwa, nitaondoka na sitarudia tena."

Mama alifungua kitabu mahali popote, bila kuchagua. Kidole chake kinene kikatua mwanzo wa ubeti. Herufi zilikuwa nyeusi, nene, zimesimama wima, na kati ya mstari na mstari kulikuwa na nafasi ya kidole chake kupita.

Akasoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Sauti ilikuwa inatetemeka, kisha ikaacha kutetemeka. Kidole kilifika mwisho wa mstari, kikashuka, kikarudi mwanzoni kama mtu anayeijua njia ya nyumbani. Alimaliza ubeti mzima. Akageuza ukurasa, akasoma wimbo mwingine, ambao hakuwahi kuuimba, akausoma nao mpaka mwisho.

Aidani alitegemea kwamba mama atafurahi. Mama hakufurahi. Alikifunga kile kitabu cha nyimbo, akakitazama cha mwanawe kilicholala juu ya khanga, kisha akamtazama yeye.

"Basi kwa nini nimemlilia Asheri mara ya pili?"

Mama akajifunika uso kwa upande wa khanga aliyovaa, na kijana akaketi chini akisikiliza kilio ambacho yeye ndiye aliyekisababisha, kwa maua na rangi na picha za milima.

Baadaye alisema, "Mama, nikusomee mimi. Leo hii. Nitakaa mpaka tumalize."

Mama alikataa. Hakukataa kwa hasira.

"Ukinisomea nitasikia sauti yako. Nikisoma mwenyewe, namsikia yeye."

Aidani alirudi Njombe akiwa mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Oresta, akamweleza yote bila kuficha neno. Bi Oresta alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa leso akajifuta macho, akavuta kiti kingine kando ya kompyuta.

"Keti," alisema. "Tuanze."

Lakini mkurugenzi alipopata habari, alikuja amekunja uso. Ile kamati ya maonyesho ilikuwa imekwisha kukichagua kitabu. Jina la Aidani lilikuwa limeandikwa, na nafasi yake ya kusafiri ilikuwa imetengwa.

"Ukibadilisha chapa ya pili, watakiondoa mezani," mkurugenzi alisema. "Wanataka kitabu kilekile kinachouzwa. Fikiri vizuri, kijana. Nafasi kama hii hairudi."

"Nimefikiri," Aidani alisema. "Naomba wakiondoe."

"Kwa ajili ya bibi mmoja?"

"Mkurugenzi, huyo mmoja ndiye tuliyemwona. Wengine wamenyamaza tu, wanafikiri wao ndio wajinga."

Mkurugenzi alimtazama Bi Oresta, akitegemea msaada. Bi Oresta akaendelea kupanga kurasa. Mkurugenzi akawaacha wafanye wanavyotaka.

Sasa ndipo Aidani alipoanza kujifunza. Mambo yote aliyoambiwa zamani aliyasikia upya, na safari hii yalikuwa na uso wa mtu. Aliondoa picha nyuma ya maneno. Akarudisha wino mweusi. Akapanga kurasa chache kwa namna tofauti tofauti, akazichapa kwenye karatasi za kawaida, akapanda tena Makete. Alimwomba Mama Asheri asome, naye Aidani hakutazama karatasi. Alitazama kidole. Kilipokwama, aliweka alama. Kilipopotea njia ya kurudi, alijua mstari ni mrefu. Maneno yalipokatwa mwisho wa mstari na kipande kingine kikaenda chini, aliona mama akisita, akirudi, akiunganisha kwa midomo. Maneno yetu ni marefu, na mtu aliyejifunza kwa silabi hukata na kuunganisha kwa taabu. Aidani akaamua kutoyakata tena, hata kama upande wa kulia wa ukurasa hautanyooka.

"Ukurasa utaonekana umechongoka," alimwambia Bi Oresta, akitaka kujua kama anakosea.

"Nani atauona?" Bi Oresta alijibu. "Atakuwa anasoma."

Maua ya pareto yalimuuma kuliko vyote. Aliyachora kwa siku nyingi, na yalikuwa mazuri. Lakini aliona kwamba mwanzo wa kila sura mama aliikosa ile herufi ya kwanza, maana aliiona kama picha, akaanza kusoma neno lisilo na kichwa. Akayafuta yote. Alifuta la mwisho akiwa ameuma midomo.

Kitabu kikatoka mara ya pili. Hakikuwa na uzinduzi. Watu waliokiona walisema, "Aa, mmekifanya cha kawaida," wakakirudisha mezani. Mgeni wa Dar es Salaam hakupiga simu tena.

Aidani alikipeleka Makete mwenyewe. Mama Asheri alikuwa amemaliza kupalilia, akanawa, akaketi mlangoni pale pale penye jua. Hakukikumbatia safari hii, wala hakulia. Alikifungua ukurasa wa kwanza, kidole gumba kikakaa kwenye ile nafasi nyeupe ya pembeni, akaanza.

Mwanzoni alisoma kwa sauti ndogo. Baadaye midomo ikabaki inacheza tu. Aidani aliketi karibu kama mtu anayesubiri hukumu. Alitegemea mama atainua macho aseme neno. Kwamba herufi ni nzuri, au kwamba sasa anaona.

Mama hakuinua macho. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Mahali fulani alicheka, akajipiga paja. Mahali pengine alitulia kabisa, mkono umeshika kifua, na chozi likaenda likaanguka kwenye karatasi, naye hakulifuta. Kisha akakunja uso, akazungumza kwa sauti, akimwambia mtu ambaye hakuwa Aidani.

"Hapana, Asheri. Umesahau. Siku hiyo si wewe uliyemfuata ng'ombe bondeni, ni baba yako. Wewe ulikuwa na homa, nilikubeba mgongoni. Mbona umeandika hivyo?"

Akasubiri kidogo, kama mtu anayepewa jibu. Akatabasamu, akaendelea kusoma.

Aidani alielewa kwamba amesahaulika. Yeye na herufi zake, na pambizo zake, na yote aliyoyahangaikia, hakuna hata kimoja kilichokuwepo pale mlangoni. Walikuwepo mama na mwanawe.

Aliinuka bila kufanya kelele, akashika njia ya kuteremka barabarani. Mama hakumwona akiondoka.

Kama unamjua mtu anayeandika, anayefundisha, anayehubiri au anayetengeneza kitu kwa ajili ya wengine, mfikishie hadithi hii.

Funzo: Mtu akishindwa kukuelewa, mara nyingi hujilaumu yeye na kunyamaza, huku akikusifu. Usipime kazi yako kwa sifa. Nenda ukakae karibu na yule uliyemfanyia, uone kama imemfikia.